Mfano wa Marehemu

Lango la birika la mifugo lilimfungukia Mwinshehe kabla hajaligusa, na sauti ya kike yenye adabu zote ikamwambia, "Karibu, mbuzi. Chanjo yako iko hai hadi masika."

Alikuwa amekwisha kujaribu milango yote ya binadamu. Bomba la mtaani kwake lilimtazama kwa jicho lake dogo la kioo, likawaza, likakauka. Duka la mikate lilimkatalia. Hata mlango wa nyumba yake, aliotokea mwenyewe asubuhi ile kwenda kununua mkate, ulikataa kumfungukia huku uji ukiungua jikoni na yeye akiunusa kutoka dirishani.

Sasa alisimama katikati ya mbuzi wa watu, koo limekauka kama kigae, na maji yanatiririka mbele yake bila masharti. Mtu mwenye kiburi angeondoka. Mwinshehe Pazi alikuwa na kiburi cha kutosha, lakini kiburi hakinyweki. Akapiga magoti, akainama, akanywa. Beberu mmoja mwenye ndevu za heshima alimkazia macho kama mtu aliyekuta mgeni amekalia kiti chake.

"Usinitazame hivyo," Mwinshehe alimwambia huku akijifuta kidevu. "Mimi nimechanjwa."

Alijua nani kamfanyia. Nyamizi, fundi mwenzake. Nani mwingine?

Mji wa Lukwembe uko kwenye uwanda mkavu, mahali ambapo mvua imekuwa kitu cha kusimuliwa watoto, na mji mzima uliendeshwa na tovuti moja. Kila mtu alikuwa na ukurasa wake humo. Kila chenye jicho, kiwe bomba, mlango au kitanda cha hospitali, kilisoma kwanza ukurasa wako ndipo kikaamua kama wewe ni wa kuhudumiwa. Kurasa hizo hazikuandikwa mmoja mmoja. Fundi angezeeka kabla hajamaliza mtaa wa kwanza. Kulikuwa na violezo: cha mtoto, cha mtu mzima, cha mgeni, cha mbuzi, cha marehemu. Chukua mfano wa kalibu ya matofali. Unajaza udongo, unainua kalibu, tofali hilo. Tofauti ni kwamba tofali likishatoka halina habari tena na kalibu, lakini kurasa za Lukwembe zilibaki zimeshikamana na kiolezo chake maisha yote. Ukiipinda kalibu, kila ukuta uliojengwa kwayo unapinda papo hapo. Ndiyo maana Mwinshehe na Nyamizi, mafundi wawili na meza moja yenye mguu mbovu, walitosha kuutunza mji mzima.

Na kila kiolezo sharti kiwe na mfano ndani yake, mtu wa kujazia nafasi ili fundi aone ukurasa utakavyokaa. Hapo ndipo utani ulipopenyea. Mwinshehe alikuwa Mzaramo, Nyamizi Mnyamwezi, na makabila hayo yamekuwa yakitukanana kwa mapenzi tangu enzi za wapagazi. Siku moja Nyamizi alichukua picha ya Mwinshehe akaibandika kwenye kiolezo cha mbuzi. Jina: Mwinshehe Pazi. Rangi: kahawia. Tabia: hula chochote. Mwinshehe alicheka hadi akapaliwa, kisha akajibu kama mtani anavyopaswa kujibu, yaani kwa kupita kiasi. Alimweka Nyamizi kwenye kiolezo cha marehemu. Sababu ya kifo: ulafi wa karanga. Kwao, mtani wa kweli huingia kaburini msibani, akalala humo chali na kugoma kutoka mpaka apewe kitu. Kumbandika mtu picha tu kulikuwa mzaha wa kitoto.

Raia hawakuiona mifano hiyo. Ilikaa humo ndani kama vikaragosi nyuma ya kabati, hadi jana, Halmashauri ilipowasha Muhuri.

Muhuri ulikuwa mtambo wa kukomesha kurasa za bandia. Sheria yake ilikuwa fupi: uso mmoja, ukurasa mmoja. Ukikuta uso uleule kwenye kurasa mbili, unabakiza ule ulio karibu zaidi na chanzo, wa pili unaufunga. Na hakuna kilicho karibu na chanzo kuliko kiolezo chenyewe.

Mwinshehe alifika hapo katika mawazo yake, maji yangali yanamchuruzika shingoni, kicheko kikamkatikia mdomoni. Kama yeye amekuwa mbuzi, basi Nyamizi...

Akatimua mbio.

*

Alimkuta ameketi kwenye ngazi za ofisi, mtandio umefunika nusu ya uso. Mlango ulikuwa umegoma kumfungukia.

"Wazaramo bwana," Nyamizi alisema bila kuinua kichwa. "Hata ukiwageuza mbuzi, bado wanachelewa kazini."

"Mtani, uko salama?"

"Mimi ni marehemu. Marehemu wote wako salama." Kisha akaweka kiganja kifuani, upande wa kushoto, na mzaha ukamtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye ndoo iliyotoboka.

Humo kifuani mlikuwa na mdundo. Ndivyo watu wa Lukwembe walivyokiita kile kidude, kikubwa kama punje ya njugu mawe, kilichousukuma moyo ambao peke yake haukuweza. Midundo ilikuwa michache na ilikuwa mali ya mji. Mwenye nao akifa, ndugu hukaa matanga, na siku ya kuanua matanga ukurasa wake huuamuru mdundo uzime ili madaktari wautoe na kumpa mgonjwa mwingine aliye kwenye foleni. Utaratibu mzuri. Nyamizi mwenyewe ndiye aliyeuandika kwenye kiolezo cha marehemu, na wakati ule aliuonea fahari.

"Matanga yangu yanaanuliwa lini?" aliuliza, ingawa alijua.

"Ijumaa."

"Na leo Jumatano. Haya, hata kupika pilau tutawahi."

Mkurugenzi Lwitiko alitoka nje akiwa na shati lililolowa jasho mgongoni. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye tabia ya kusugua miwani yake kila alipokosa la kusema. Sasa aliisugua kama anayetaka kuwasha moto.

"Nimetoka hospitali," alisema. "Daktari anasema mdundo hausikilizi mtu, unasikiliza ukurasa. Na akiutoa, ni yaleyale, moyo utasimama. Nimewapigia wenye Muhuri mkoani. Wamesema malalamiko yetu yamepokelewa, watatujibu wiki ijayo."

"Wiki ijayo watamjibu nani?" Nyamizi aliuliza.



"Tufute mfano," Mwinshehe alisema. "Mkurugenzi, nifungulie kiolezo cha marehemu, nimtoe humo. Mimi mlango hauniamini, jicho linaniona mbuzi, lakini wewe uso wako ni mzima. Nifungulie tu."

"Usiguse!" Nyamizi alisimama. "Mwinshehe, una akili wewe? Unajua kiolezo kikibaki kitupu kinafanya nini."

Alijua. Kila marehemu wa Lukwembe alikuwa bado na ukurasa, kwa sababu haki ya maji hairithiwi bila ukurasa. Wajane na mayatima walikinga maji kwa majina ya waume na baba zao waliolala makaburini. Kiolezo kisicho na mfano huporomoka, na kikiporomoka, kurasa zote zilizotoka humo zinaporomoka nacho. Mabomba ya mirathi yangekauka mji mzima, katikati ya kiangazi, na kuyafufua moja moja kungechukua muda ambao mtoto mchanga hawezi kuukaa bila maji.

"Mama yangu anakunywa kwenye ukurasa wa baba," Nyamizi alisema taratibu. "Ukifuta, utaniokoa mimi, umzike yeye, na nusu ya Mtaa wa Pampu. Sitaki kuponywa kwa namna hiyo. Unanisikia, mtani? Sitaki."

Lwitiko alivaa miwani yake. "Haufutiki. Lakini unaweza kubadilishwa. Ukitoa mtu na kuingiza mtu kwa mkupuo mmoja, kiolezo hakihisi kitu."

"Kuingiza nani?"

"Hapo ndipo penye kazi. Muhuri hautaki picha. Unataka kiumbe wa aina ya kiolezo chenyewe, na hapa ni mtu, asimame mbele ya jicho, apepese macho."

"Basi wafu hawafai," Nyamizi alisema. "Wafu hawapepesi."

"Ningeingia mimi," Lwitiko alisema akitazama viatu vyake, "lakini nikifa mimi, ofisi hii itafunguliwa na nani?" Ilikuwa kweli. Ilikuwa pia kisingizio, na wote watatu waliyajua yote mawili. Alisubiri Nyamizi asogee kivulini, akamvuta Mwinshehe pembeni. "Yupo yule Chubwa wa kwenye pampu. Hana mke, hana mtoto, hana ukurasa. Hana cha kupoteza yule. Hatajua hata tofauti."

Mwinshehe alifungua kinywa aseme hapana. Lakini alimwona Nyamizi pale kivulini, kiganja bado kifuani, midomo ikicheza polepole kama anayehesabu mapigo. Akafunga kinywa, akaenda.

*

Chubwa aliishi nyuma ya kituo cha pampu, mahali ambapo bomba kuu lilikuwa na ufa na tone lilianguka kila baada ya muda wake. Alikinga tone hilo kwenye kopo la maziwa ya unga. Mji wake wa zamani ulikuwa umehamwa tovuti yake ilipokufa, na Lukwembe haikuwa na maji ya kumpa ukurasa mtu wa nje. Miaka yote alikuwa akiuliza, na miaka yote mafundi walimjibu, "Mwakani, mzee."

Alipomwona Mwinshehe alisimama wima kama askari.

"Fundi! Imefika zamu yangu?"

Mwinshehe alikuwa amepanga maneno njiani. Yalikuwa maneno mazuri, laini, yasiyo na uongo hata mmoja ukiyachunguza. "Kuna nafasi imepatikana, mzee Chubwa. Inatakiwa usimame tu mbele ya jicho."

"Niende hivihivi?" Chubwa alijitazama. "Ngoja. Ngoja kidogo, baba."

Akalichukua kopo. Maji yaliyokuwemo yalikuwa ya kutwa nzima, na Mwinshehe alijua hivyo kwa sababu aliona midomo ya mzee ilivyopasuka. Chubwa hakunywa. Aliyamimina kiganjani, akanawa uso, akajipangusa nyusi, akalowesha mvi za pembeni na kuzilaza kwa vidole. Yakaisha.

"Sasa nipo sawa?" aliuliza akitabasamu. "Huko kwetu walisema nina uso wa picha."

Mwinshehe hakuweza kumtazama. Alitazama tone. Liliangukia mchangani, maana kopo lilikuwa limeondolewa.

"Ni ukurasa wa namna gani, fundi? Usijali, wowote. Hata wa mbuzi nitachukua."

"Wa mbuzi una mtu," Mwinshehe alijibu kwa mazoea ya ulimi wake, ambao ungefanya mzaha hata ukikatwa.

Kisha akasimama kama aliyepigwa kofi. Wa mbuzi una mtu. Naam. Na mtu huyo anaweza kutolewa bila kumdhuru kiumbe, kwa sababu anayestahili kukaa kwenye kiolezo cha mbuzi yupo, ana ndevu, ana macho, na macho yake yanapepesa. Akitoka kwenye ubuzi, Mwinshehe anarudi kuwa mtu. Na mtu anaweza kusimama mahali pa mtu.

Alikaa chini mchangani. Kwa muda alitamani sana asingeyafikiria hayo. Ilikuwa rahisi zaidi alipokuwa mbuzi.

"Mzee Chubwa," alisema mwishowe, "ukurasa uliopo leo haukufai. Nisamehe."

Tabasamu la Chubwa halikutoka mara moja. Lilikawia, kama mgeni asiyeelewa kwamba ameagwa. "Basi hakuna neno," alisema. Akalirudisha kopo chini ya ufa, akalisogeza mpaka likakaa sawasawa. "Ila nimekwisha kunawa."

*

Ijumaa, kabla ya adhuhuri, Mkurugenzi Lwitiko alifungua mlango wa chumba cha violezo kwa uso wake mzima, na Mwinshehe akaingia akimvuta beberu kwa kamba.

Beberu alikuwa amegharimu maneno mengi na mfuko wa pumba. Alisimamishwa mbele ya jicho, akaligeuzia mgongo. Aligeuzwa, akala waya. Lwitiko, mwenye shahada zake ukutani, alipiga magoti akamshika pembe huku akisema, "Tafadhali, mheshimiwa, tafadhali," na jasho likimdondoka puani. Mwinshehe angecheka. Siku nyingine yoyote angecheka mpaka wiki iishe.

Beberu akapepesa.

Jicho likawaka kijani. Kwenye skrini picha ya Mwinshehe ikatoweka kwenye kiolezo cha mbuzi, ndevu zikachukua nafasi yake. Mahali pengine ndani ya tovuti ukurasa wa zamani wa Mwinshehe Pazi, mtu mzima, fundi, mkazi wa Mtaa wa Kalibu, ukafunguka kama mlango uliokuwa umekwama.

"Hongera," Lwitiko alinong'ona. "Umerudi."

"Sikai," Mwinshehe alisema.

Hapo kioo cha mlango kikapigwa kwa nje. Nyamizi. Nani alimwambia, haikujulikana. Pengine alimwona mbuzi akipita na fundi asiyecheka, akajumlisha mwenyewe. Mlango haukumfungukia. Alipiga kwa viganja vyote viwili, na sauti yake ilipita kiooni ikiwa nyembamba kama inatoka kisimani.

"Mwinshehe! Toka humo! Mtani, usinifanyie hivyo! Ule ulikuwa mzaha, mimi na wewe tulicheka wote, husikii? Tulicheka wote!"

"Ndiyo, tulicheka!" alimjibu. "Mimi ndiye nilicheka zaidi!"

"Utaishije? Maji utayapata wapi, mjinga wewe?"

Aligeukia skrini. Kifuani kwake hakukuwa na mdundo. Moyo wake ulikuwa wa kuzaliwa nao, mkaidi, hausomi kurasa. Angepoteza nyumba, bomba, kazi na jina. Pumzi zingebaki. Alijiambia hivyo mara kadhaa.

Kiolezo kilidai nafasi zote zijazwe. Jina. Uso. Mtaa. Sababu ya kifo. Hapo aliwaza kidogo, akaandika: *Kulala kaburi la mwenzake.* Mrithi. Dada yake aliishi pwani, mbali na mabomba haya. Aliandika: *Nyamizi Kasubi, mtani.*

"Kama tumekosea," Lwitiko alisema, "mabomba yote ya mirathi..."

"Najua, Mkurugenzi. Bonyeza."

Mwinshehe alisimama mbele ya jicho. Alilikazia macho kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu mwili nao una maoni yake. Macho yakaanza kuwasha. Yakalowa. Akapepesa.

Kotekote Lukwembe, mabomba ya wajane yalikohoa. Walioyakinga siku ile wanasema yalikata kabisa, kwa muda wa mtu kuvuta pumzi na kusahau kuitoa. Dirishani Mwinshehe alimwona mama mmoja mtaani ameinamia ndoo, hatikisiki. Kisha maji yakaja tena, yakimrukia usoni, naye akalitukana bomba kwa sauti, tusi tamu kuliko wimbo.

Mlango ukalia. Ukamfungukia Nyamizi.

Aliingia akiwa amekunja ngumi. Alifika mbele ya Mwinshehe, akashindwa kumpiga. Alishika kifua chake mwenyewe. Mdundo ulikuwa unapiga. Adhuhuri ikafika, ikapita, matanga ya kiolezo cha marehemu yakaanuliwa, na mdundo ukaendelea kupiga kana kwamba mambo hayo hayakuuhusu.

Lwitiko alimtoa beberu nje. Mwinshehe akafuata, na mlango ukajifunga mbele ya pua yake. Wafu hawafunguliwi, hata wakiwa wanatoka.

Nyamizi aliurudia mlango, akasimama mbele ya jicho lake ukafunguka, akaushikilia kwa bega.

"Haya, Mzaramo. Toka kaburini."

"Sitoki mpaka nilipwe," alisema. Ndivyo mtani anavyosema. Sauti tu ndiyo iliyomsaliti.

"Utalipwa," alisema Nyamizi, machozi yakimtiririka waziwazi. "Toka kwanza."

*

Jibu la wenye Muhuri lilifika wiki iliyofuata, kama walivyoahidi. Lilisema mtambo umekaguliwa na unafanya kazi ipasavyo.

Nyamizi alilisoma kwenye skrini akiwa amesimama, akaizima. Alichukua ndoo mbili na kopo jipya lenye mkono, akaenda Mtaa wa Kalibu, kwenye bomba ambalo hakuwahi kulikinga maisha yake yote. Watu kwenye foleni walimpisha. Huko nyuma ya kituo cha pampu wanaume wawili walikuwa wamekaa chini ya ufa wa bomba kuu, wakipokezana tone kwa zamu, mzee mmoja aliyenawa uso bure na marehemu mmoja asiyejua kunyamaza.

Jicho la kioo lilimtazama Nyamizi. Likawaza.

"Pole kwa msiba, Nyamizi Kasubi," sauti ikasema kwa adabu zote. "Haya ni maji ya marehemu Mwinshehe Pazi."

"Najua," Nyamizi aliliambia bomba, akatega ndoo ya kwanza. "Fungua yote. Marehemu ana kiu, na ana mgeni."